Rambirambi za Darasa la Pili

Jumapili, 1 Septemba

Shule zimefunguliwa. Aya ameingia darasa la pili. Leo ni siku ya kumi na moja tangu baba yake, Azzam, aanguke ofisini na asiamke. Nimebakiwa na miezi karibu minne ya kukaa eda kabla sijavuka geti hili la Mabela.

Ninaandika katika daftari la Aya. Orodha ya shule ilitaka madaftari matano, Azzam akanunua sita kwa sababu, alisema, mtoto lazima atapoteza moja. Hili ndilo lile la kupotea. Sijaandika kitu kirefu tangu niache shule Wete, kidato cha pili, nilipoletwa huku Omani kuolewa. Lakini mchana ni mrefu, na wageni wa rambirambi wamepungua.

Jana alikuja wifi yangu Balqees, dada yake Azzam, na sufuria ya mchuzi. Mwanawe Thuraya anasoma darasa moja na Aya. Akaniambia, "Nimekutoa kwenye kundi la kina mama wa shule. Makelele matupu yale, nani kaleta keki, nani kasahau kofia. Wewe pumzika. Khabari zote ntakuletea mimi."

Nilimshika mkono nikamshukuru. Watu wema bado wapo.

Alhamisi, 5 Septemba

Kila Alhamisi mwalimu hutuma kwenye lile kundi kitu wanachokiita khutta: ukurasa mmoja wa mambo ya wiki ijayo, watoto watasoma nini, siku gani walete nini. Wazazi hujibu chini yake kama mtoto amesoma kitabu nyumbani.

Mwaka jana Azzam alikuwa akiifungua kwenye simu yangu baada ya chakula cha mchana, ananisomea kwa Kiswahili, maana Kiarabu cha kuandikwa hunichukua muda. Aliisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Wasikilizaji watukufu, siku ya Jumatatu kila mtoto aje na soksi moja kuukuu." Aya alikuwa akicheka mpaka anapaliwa na maji.

Leo tulimaliza kula, tukabaki tunatazama sahani. Nikampigia Balqees.

"Ya kawaida tu, wifi. Nishaisoma, nishaijibu."

Ijumaa, 13 Septemba

Joto halijavunjika. Mkwe wangu, Bi Mahbuba, tunaishi naye nyumba moja na hataki kiyoyozi kwa ajili ya goti lake. Mimi naloa jasho. Sitaki kugombana na mtu aliyezika mwanawe.

Jumanne, 24 Septemba

Basi la shule hufika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Anayesimamia watoto ndani yake ni Mkenya, Achieng, mwanamke wa sauti kubwa. Hushuka, humshika Aya mkono getini, nami hubaki ndani ya ua.

Leo alimtazama mikono. "Mama Aya, na maharagwe?"

"Maharage gani?"

"Si leo wanapanda! Kila mtoto na mbegu zake, pamba na kikopo. Hapa nimebeba vikopo kumi na tisa, zote zinaniangukia tu."

Nikakimbilia jikoni. Maharage hayakuwepo. Nikapata choroko, nikazitia kwenye chupa ya jemu na pamba niliyoing'oa kwenye mto, dereva anapiga honi. Aya akaniambia kwa sauti ndogo, "Siyo hizi, mama."

Amerudi na chupa vilevile. Hakuitoa kwenye mkoba kutwa nzima.

Nilimpigia Balqees. "Nilisahau, wifi, wallahi. Na kitu chenyewe maharage!"

Nikasema haidhuru. Naandika hapa kwamba haikuwa kweli.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo ilikuwa Siku ya Mwanamke wa Kiomani, na kina mama walialikwa darasani. Sikuambiwa. Nimejua saa nane mchana, Aya alipokuwa anavua viatu.

"Kila mtoto alimsomea mama yake shairi. Mimi nilimsomea shangazi."

"Alifurahi?"

"Alikuwa anampiga picha Thuraya. Halafu nikasahau."

"Ukasahau wapi?"

"Mwanzo."

Hakulia. Aliviweka viatu vyake sambamba, kama alivyofundishwa na baba yake, akaenda kunawa.

Achieng alikuwa bado yuko getini, anamfungia mtoto mwingine mkanda kwenye basi. Nilimwita kutoka ndani ya ua. "Ni kweli hii?"

"Alisimama tu, Mama Aya. Mimi nilikuwa kwa mlango naleta viti. Alisimama hivi, mikono kwa sketi. Mwalimu akangoja, akangoja. Nikajiuliza, kwani mamake hajui?"

Mamake hajui. Neno hilo limenikaa kifuani tangu saa nane.

Najua nisingeweza kwenda. Hilo silalamikii, eda ni yangu na nimeipokea. Lakini ningelijua ningemsikiliza hapa nyumbani, jikoni, chooni, kitandani, mara mia, mpaka shairi likae mwenyewe mdomoni. Angesimama mbele ya mtu yeyote akalisema. Mwanangu alipelekwa mbele za watu mikono mitupu, na mimi nilikuwa hapa nimekaa napembua mchele.

Nimempigia Balqees. Sikumsalimu.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia ungelia."

"Ningelia. Halafu?"

"Wifi, uko edani. Mambo ya sherehe hayakukhusu."

"Mtoto wangu hayuko edani."

Nikasikia televisheni yake. Nikamwambia anirudishe kwenye kundi.

"Baada ya eda, inshaallah. Unataka watu waseme mume hajapoa kaburini, mwenyewe yumo anajibizana khabari za keki?"

"Basi nipe nambari ya mwalimu."

"Ntakutumia."

Jumapili, 20 Oktoba

Hajatuma.

Jumatatu, 21 Oktoba

Hajatuma. Ameleta halwa. Nimempa Bi Mahbuba yote, sikuonja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Khutta nyingine imetoka, sijui ina nini. Nilimuuliza Aya wiki ijayo wanasoma nini. "Vitu," akasema. Zamani alikuwa akisema mpaka unamwomba apumzike.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua ya usiku kucha. Saa kumi na mbili nilimvika Aya, nikamfunga kitambaa kichwani, akasimama chini ya kibati cha geti na mkoba umefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Barabara ilikuwa inapita maji ya rangi ya chai. Basi halikuja. Saa kumi na mbili na nusu halikuja. Nilimwambia asubiri, labda limechelewa kwa sababu ya maji. Mtoto mtiifu akasubiri. Saa moja kasorobo jirani wa mbele akafungua dirisha la juu.

"Ukhti! Shule zimefungwa leo! Tangazo limetoka tangu jana, kila kundi limo. Hukuambiwa?"

Mtaa mzima ulikuwa unajua, isipokuwa nyumba hii. Viatu vya Aya nilivimimina maji kama vikombe.

Balqees alisema alidhani nitasikia kwa watu. Watu gani? Mimi ninayeonana na kuku wa jirani?

Nimesubiri mvua ikatike, nikapiga simu shuleni. Msichana wa ofisini alikuwa na adabu sana. Akasema nambari ya mlezi waliyo nayo ni ya Bi Balqees, imebadilishwa Septemba badala ya ile ya marehemu, na taarifa za mtoto hawazitoi kwa nambari isiyosajiliwa.

"Mimi ndiye niliyemzaa," nikamwambia.

"Ndiyo, mama. Mungu akupe subira. Lakini ndiyo utaratibu."

Nilirudisha simu mezani taratibu. Kisha nikachukua kikombe nikakivunja kwenye sinki. Sikukiangusha. Nilikivunja. Bi Mahbuba akauliza kutoka chumbani kimevunjika nini. Nikamjibu kikombe. Akasema, "Kimoja tu?"

Jumatano, 6 Novemba

Aya ana homa.

Alhamisi, 7 Novemba

Achieng alishuka kumuulizia. Nilimpa nambari yangu kwenye kipande cha karatasi. Akakikunja akakitia ndani ya soksi.

"Mimi nitakuwa nakuambia kila kitu nikisikia. Lakini usinitaje ofisini, Mama Aya. Watanifukuza, haki ya Mungu."

Mimi mama wa mtoto, habari za mwanangu napata kwa magendo.

Jumapili, 17 Novemba

Sikukuu ya taifa shuleni. Achieng alinambia siku tatu kabla. Aya ameondoka na nguo ya Kiomani iliyopigwa pasi, bendera mkononi na shela ya kijani. Amerudi hakusema lolote, lakini amerudi bila bendera. Kampa mtu. Nimefurahi siku nzima kwa ajili ya bendera hiyo.

Jumatatu, 25 Novemba

Baridi kidogo asubuhi. Nimetoa blanketi. Lina harufu yake bado.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeandika mara mbili nikachana ukurasa. Sasa naandika pole pole.

Aya alipokuwa anakula aliuliza kama watoto wa darasa la kwanza wana viti vidogo. Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu mwezi wa kwanza ntakaa nao."

"Nani kasema?"

"Ustadha Shurooq. Kasema mpaka nikubali kusoma."

Ustadha Shurooq ni mwalimu wake, sijawahi kumwona. Nikamvuta Aya karibu. Kidogo kidogo akatoa yote. Darasani akiitwa kusoma hufunga mdomo. Tangu Septemba. Mwalimu alimwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto anayesoma vizuri nyumbani halafu darasani hataki, huyo ni mkaidi.

"Nani kamwambia unasoma vizuri nyumbani?"

"Shangazi. Kila Alhamisi anaandika kwenye kundi. Thuraya kanambia. Anaandika Thuraya na Aya wamesoma vizuri na mama zao."

Mtoto huyu amekaa miezi mitatu akiitwa mkaidi na akijua ni kwa ajili ya uongo, na hakuusema, kwa sababu shangazi ni mtu mzima.

Balqees alipokea simu mara ya tatu.

"Umeandika kuwa Aya anasoma na mimi?"

"Kila mtu anaandika hivyo, wifi."

"Na darasa la kwanza?"

"Walileta fomu, nikatia saini. Miezi michache tu, atulie. Mtoto kafiwa."

"Umemrudisha mwanangu nyuma kwa saini yako."

Hapo naye akapandisha sauti. "Nilikuwa nakusitiri! Ulitaka niandike nini? Kwamba mama yake kutwa anatazama ukuta? Niseme mke wa kaka yangu kamtupa mtoto? Niambie, Khawla, umefungua kitabu chake mara ngapi?"

Nimekata simu.

Hata mara moja. Hilo ndilo jibu. Kusoma ilikuwa kazi ya Azzam. Kitabu kile kimekaa miezi mitatu kwenye mkoba, na kila siku nimeutoa mkoba ule mavumbi. Nina hasira na Balqees mpaka meno yananiuma, na nina hasira na huyu mwanamke mwingine aliyekuwa anafuta mavumbi.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikulala vizuri. Nimewaza kwenda shuleni. Kwa haja ya kweli mwenye eda hutoka mchana akarudi, hilo najua. Lakini nikitoka, kitakachozungumzwa ni kutoka kwangu, si kusoma kwa Aya. Balqees atapata la kusema na mwalimu atapata la kusikiliza.

Nimekumbuka jambo jingine. Tangu Azzam afe, hakuja mtu hata mmoja wa shule kutupa pole. Azzam aliwabebea viti siku ya michezo, akawatengenezea kipaza sauti. Balqees lazima aliwaambia wasinisumbue.

Rambirambi nani anaweza kuikataa?

Jumapili, 8 Desemba

Nilimwambia Achieng getini, mbele ya dereva, ili isiwe siri wala magendo: "Mfikishie salamu Ustadha Shurooq. Mwambie mjane wa Azzam yuko nyumbani, mlango uko wazi, na watu wa shule hawajaja kumpa pole."

Achieng akaziba mdomo kwa mkono. "Woi! Mama Aya, hiyo umewamaliza."

Jumatano, 11 Desemba

Wamekuja saa kumi: Ustadha Shurooq na kina mama wawili wa darasani, Waswahili wenzetu. Mwalimu ni mdogo, huenda hajafika miaka ishirini na sita, na ameshika sanduku la tende kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe. Babu yake ni mzaliwa wa Unguja, Kiswahili anasema. Balqees alifika nyuma yao, kasikia. Akakaa karibu na mwalimu, si karibu na mimi.

Wakatupa pole mimi na Bi Mahbuba. Nikamimina kahawa. Ustadha akasema samahani, walidhani hatutaki wageni. Hakuna aliyeuliza walidhanishwa na nani. Kisha akauliza lile ambalo kwenye rambirambi lazima mtu aulize.

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengine. Yakaja haya.

"Alikuwa anasoma khutta ya wiki. Ile ya mwaka jana. Kila Alhamisi, pale ulipokaa. Halafu anamshika Aya, wanasoma kitabu kurasa mbili, yeye mstari, Aya mstari. Tangu tarehe ishirini na mbili Agosti, Ustadha, mtoto huyu hajasoma nyumbani hata mstari mmoja. Aliyekuwa anasoma naye amekufa. Mimi Kiarabu changu kibovu na sikuwa na akili. Hakuna wiki hata moja aliyosoma."

"Wifi!" Balqees alisema.

Bi Mahbuba akaliweka goti lake sawa. "Mwache aseme. Mwanangu ndiye anayezungumzwa hapa."

Ustadha akatoa simu. Akawa anasukuma kwa kidole, juu, juu zaidi, na mimi nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma. Thuraya na Aya wamesoma vizuri na mama zao. Wiki inayofuata, hivyo hivyo. Mara kumi na tatu. Mama mmoja wa wale wawili alikuwa anaangalia zulia tangu ya tatu.

"Nilimwita mkaidi," mwalimu akasema. "Mbele ya watoto. Kwa sababu ya hii." Uso wake ulikuwa mwekundu, na sikumhurumia. Nikamwambia, "Ulikuwa na mtoto aliyefiwa wiki moja kabla ya shule, akafunga mdomo, ukaamini simu."

Hakujitetea. Alisema fomu ile ataizuia, iko bado mezani kwa mkuu. Lakini mwisho wa Januari lazima Aya asome mbele yake, walau ukurasa, la sivyo hatakuwa na la kumwambia mkuu. "Na kila Alhamisi niambie kweli," akasema. Akaniingiza kwenye kundi hapo hapo, na nambari ya ofisini akaahidi kuibadilisha kesho.

Balqees alibaki baada ya wengine. Nilidhani atanifokea. Akakaa mlangoni na viatu mkononi.

"Na mimi nilikuwa nina kaka mmoja tu," akasema. "Nilitaka kitu kimoja cha nyumba yake nikishike mimi. Kimoja."

Miezi hii yote sikuwahi kumfikiria kama mfiwa. Nilimfikiria kama mtu wa nambari za simu. Lakini sikumwambia nimekusamehe, kwa kuwa sijamsamehe. Nilimpa sufuria yake ya mchuzi, imekaa tangu Agosti.

Alhamisi, 12 Desemba

Khutta imenifikia saa sita na robo. Imenichukua saa nzima kuisoma. Wiki ijayo: hesabu za kutoa kwa kukopa, wanyama wa jangwani, Jumatano waje na boksi tupu la viatu.

Tumefungua kitabu. Nilisoma mstari mimi, vibaya. Aya akaninyoosha neno. Kisha akasoma mmoja, akasoma wa pili. Wa tatu akafunga mdomo, akauziba kwa mkono. Nikaandika: Aya amesoma mistari miwili.

Jumatano, 18 Desemba

Ameondoka na boksi la viatu. Achieng akamwambia, "Leo umekuja na nyumba yako kabisa!" Aya akacheka, kidogo.

Alhamisi, 19 Desemba

Mistari minne.

Jumapili, 22 Desemba

Mwalimu amemwita kusoma darasani. Amekataa. Nilidhani tumeshavuka. Nimepiga meza, Aya akaruka, nikamwomba radhi. Zimebaki wiki tano.

Alhamisi, 26 Desemba

Eda yangu inakwisha keshokutwa. Wanawake wa mtaa wanapanga watakuja saa ngapi, na udi gani. Mimi nilikuwa na khutta.

Baada ya chakula tulifungua kitabu. Aya akakitazama, akaanza kulia, kilio kile ambacho nilikingoja tangu Agosti na hakikuja. Akasema, "Huu ni mstari wa baba." Siku hizi zote alikuwa anasoma mistari yake na kuacha ya Azzam, na mimi nilikuwa nahesabu tu. Nilikifunga kitabu. Tulilala sakafuni mpaka akanyamaza.

Saa kumi nikafungua kundi. Majibu yalikuwa yamejaa: amesoma vizuri, amesoma vizuri, maashaallah amesoma vizuri sana. Nikaandika kwa Kiarabu changu, kila neno nimelikagua mara mbili: Aya leo hakusoma. Alilia. Kesho tutajaribu.

Balqees alipiga simu kabla sijaweka chini. "Wifi, umeandika hivyo kweli? Watu thalathini wanaona! Futa!"

"Sifuti."

"Watasemaje?"

"Waseme alilia. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Akakata. Kisha mmoja wa wale wawili waliokuja, aliyekuwa akiangalia zulia, akaandika: Na wangu hakusoma. Nilikosea kujibu. Akafuata mwingine: Wangu alisoma nusu, akalala. Mwingine: Sisi wiki ya pili sasa. Wakafika tisa. Ustadha Shurooq akaandika neno moja tu, shukran, na baadaye kidogo akaandika kwamba Jumapili ataanza darasa na kitabu kilekile tangu mwanzo, kwa wote.

Karibu na magharibi likaja jina la Balqees.

Thuraya hakusoma. Hajasoma tangu afe mjomba wake.

Nimelisoma mara nyingi kuliko khutta. Bado nina hasira naye. Nimemwandikia amlete kesho, baada ya sala ya Ijumaa, na kitabu chake.